Mwongozo Kamili wa Kufunga Usukani wa Umeme kwenye Gari la Zamani

Gari la zamani likishashika mwendo halisumbui mikono. Shida huanza pale unapoliegesha, au unapogeuza kwenye njia nyembamba huku magurudumu yamesimama: mabega yanakaza na dereva mwenye umri mkubwa anaanza kuliacha gari bandani. Sehemu ya uzito huo tumeuleta wenyewe. Magari haya yalikusudiwa matairi membamba ya nyuzi za mshazari, nasi tumeyavalisha radiali pana, kwa hiyo mpira unaogusa lami umeongezeka huku boksi la stelingi, yaani la gia za usukani, likibaki lile lile.

Usukani wa kusaidiwa na mafuta uliingia sokoni mwaka 1951 kwenye Chrysler Imperial. Ule wa umeme ulianza na Suzuki Cervo ya 1988. Kwa gari la zamani nauchagua huu wa umeme bila kusita: hauhitaji pampu, mkanda, mabomba wala boksi jipya. Injini haiguswi, uniti (mota, sensa na kompyuta yake) inajificha chini ya dashibodi, na ukitunza vipande vya awali unaweza kurudisha kila kitu kilivyokuwa.

Jambo moja lieleweke mapema. Mota ndiyo sehemu rahisi kuliko zote. Kazi yenyewe iko kwenye shafti, krosi (viungo vinavyoruhusu shafti kupinda), breketi na hali ya mguu wa mbele wa gari, na muda wako mwingi utumie huko.

Kwanza jua kwa nini usukani ni mzito

Inua mbele kwa jeki, weka stendi imara, kisha zungusha usukani kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Magurudumu yakiwa hewani unapaswa kuzunguka kwa vidole viwili. Ukiwa bado mzito, tatizo lako si uzito wa gari. Ni msuguano, na mota itauficha tu huku chuma kikiendelea kuliwa.

Tafuta msuguano huo kipande kwa kipande. Chomoa fimbo inayounganisha mkono wa boksi na magurudumu. Zungusha usukani peke yake, kisha sukuma kila gurudumu kwa mkono. Usukani ukiwa mzito peke yake, chunguza bushi za shafti, mafuta ya boksi, na skrubu ya kurekebisha boksi, ambayo mafundi wengi huikaza kupita kiasi ili kuondoa uchezaji. Gurudumu likiwa zito, kingpini au boljointi, yaani egemeo linalogeuzia gurudumu, imekauka grisi. Kwenye Land Rover za Series kuna kifaa cha kati ndani ya fremu ya mbele, kati ya boksi na magurudumu, na mara nyingi hicho ndicho kimekauka bila mtu kukikumbuka.

Tengeneza ulichokikuta, badilisha tairodi zilizolegea, jaza upepo unaotakiwa, fanya alaimenti. Kisha pima. Gari likiwa kwenye sakafu kavu ya zege, gia huru, breki imeachiwa, funga mizani ya kuning'iniza kwenye ukingo wa usukani na uvute kwa kufuata mzunguko wake mpaka magurudumu yaanze kugeuka. Andika kilo ulizosoma. Kwa mfano, usukani wenye kipenyo cha sentimita 40 ukivutwa kwa kilo 12 unadai msokoto wa karibu nyutonimita 24. Namba hii itunze, kwa kuwa ndiyo itakayokuambia baadaye kama umeweka msaada wa kutosha au umepitiliza.

Wako watakaoishia hapa na kufurahi. Wenye Beetle, kwa mfano, injini yao iko nyuma na mbele ni kwepesi. Mara nyingi grisi na alaimenti vinatosha.

Uniti inavyofanya kazi

Ndani ya uniti shafti imekatwa katikati na kuunganishwa na ufito mwembamba wa chuma. Unapozungusha usukani, ufito huo unajisokota kidogo sana, kama nguo inavyokamuliwa, na sensa inasoma kiasi na upande wa msokoto. Kompyuta ndogo inapeleka umeme kwenye mota, nayo inasukuma shafti ya chini kupitia gia ya parafujo. Msokoto ukiisha, msaada unaisha. Umeme ukikatika, shafti bado imeungana kwa chuma kutoka mkononi mwako hadi magurudumuni. Gari litageuka, ila kwa uzito zaidi kidogo ya ule wa awali kwa sababu sasa unaiburuta na mota.

Ufito huo na sensa yake havipendi nyundo. Usigonge shafti ya uniti ili kuingiza au kutoa kitu, na uniti iliyowahi kuanguka sakafuni usiifunge kwenye gari.

Kuchagua uniti

Njia ya kwanza ni seti iliyotengenezwa kwa ajili ya gari lako. Inakuja na shafti zenye meno sahihi, breketi zinazokaa kwenye matundu ya awali, na kisanduku cha kudhibiti. Ni ghali, lakini asiye na fundi mkereza chuma anayemwamini aifuate hii.

Njia ya pili ni kutumia safu ya usukani (shafti ya usukani pamoja na ganda lake) ya gari la kisasa lililovunjwa. Tafuta yenye mota kwenye safu yenyewe. Zile ambazo mota iko kwenye reki, yaani ile fimbo yenye meno kule chini magurudumuni, hazikufai. Zinazotumika sana ni za Opel Corsa B na C, Nissan Micra K12, na Toyota Prius ya kizazi cha pili. Uniti za namna hii zikikosa mawasiliano na kompyuta nyingine za gari, huingia hali ya dharura na kutoa msaada wa kiasi kimoja. Kwa ile ya Corsa kuna visanduku vidogo vinavyouzwa vikiwa na kitufe cha kuzungusha. Vinaipa uniti ishara ya mwendo wa kubuni, nawe unaongeza au kupunguza msaada ukiwa umeketi.

Ukinunua iliyotumika, chukua kila kitu: safu nzima, kompyuta yake ile ile, shafti ya chini na krosi zake, na plagi zote zikiwa na waya wa kutosha kuunga. Usikubali plagi iliyokatwa shingoni. Kabla ya kulipa, omba ijaribiwe: safu ibanwe vizuri kwenye jiliwa, iunganishwe na betri nzima ya volti 12, izungushwe kulia na kushoto. Msaada uwe sawa pande zote. Uniti inayovuta upande mmoja, au inayotetemeka ikiachiwa, iache hapo hapo.

Nafasi chini ya dashibodi

Uniti ikae ndani ya gari. Hizi za kwenye safu hazikuzibwa dhidi ya maji na vumbi, na joto la chumba cha injini litaimaliza kompyuta.

Kabla hujakata chochote, chonga mfano wa uniti kwa mbao au kadibodi ngumu, wenye vipimo kamili pamoja na mota inayotokeza pembeni. Uweke mahali pake halafu ukae kwenye kiti. Kanyaga klachi mpaka mwisho. Kanyaga breki. Pitisha goti kama unavyofanya ukishuka. Angalia boksi la hita, mota ya waipa na kebo ya choki. Mota unaweza kuielekeza juu, chini au pembeni, uniti haijali, kwa hiyo zungusha mfano mpaka upate mwelekeo usiogusa goti wala pedali. Saa moja ya kadibodi inaokoa siku nzima ya grenda.

Usukani ubaki pale pale ulipokuwa, kwa urefu na kwa pembe. Na kufuli ya usukani, kama gari linayo, ifanye kazi kama zamani.

Kuunganisha shafti

Hapa ndipo maisha ya mtu yalipo, na sina lugha ya upole kuhusu sehemu hii. Kama huwezi kuchomelea chuma kwa kiwango cha kuukabidhi uhai wako kwenye kiungo hicho, mpe kazi hii fundi mwenye sifa. Hakuna aibu katika hilo.

Kiungo bora ni cha meno kwa meno: kapilingi iliyokerezwa, yenye meno ya shafti ya gari upande mmoja na ya uniti upande wa pili, ikibanwa na bolti inayopita kwenye mfereji wa shafti ili isiweze kuchomoka hata ikilegea. Pale ambapo hakuna namna ila kuchomelea, usikutanishe shafti mbili kichwa kwa kichwa na kuzungushia moto. Ziingize ndani ya bomba nene lililokerezwa kuzibana, toboa matundu pande mbili za bomba, jaza matundu hayo kwa chuma cha moto, kisha chomelea miisho yote miwili. Kazi hiyo ifanyike shafti ikiwa imetengwa na uniti, maana joto likifika kwenye sensa umeshaipoteza. Na kila unapochomelea chochote kwenye gari, chomoa betri na plagi za kompyuta, na waya wa ethi wa mashine ushike karibu kabisa na sehemu unayochomelea.

Krosi nazo zina masharti. Pembe ya kila krosi isizidi nyuzi 30. Ukitumia krosi mbili, pembe zake zikaribiane, na uma mbili zilizo kwenye shafti ya kati zilale kwenye mstari mmoja. Weka shafti hiyo mezani na uitazame kutoka mwisho wake: uma wa mbali uwe umefichwa na wa karibu. Ukikosea hapo, usukani utakuwa mwepesi, mzito, mwepesi, mzito, mara mbili katika kila mzunguko, na dereva atailaumu mota bure. Krosi tatu zinahitaji beringi ya kushikilia shafti ya kati, la sivyo itayumba.

Fikiria pia ajali. Marekani ilianza kudai safu za usukani zinazonyonya nguvu ya mgongano kwa magari ya abiria kuanzia Januari 1968; mengi ya kabla ya hapo yana chuma kimoja kigumu kinachomwelekea dereva kifuani. Kwa kuwa unakata shafti hata hivyo, weka ya kati inayoweza kujikunja au kuingiana kama darubini. Ile ya chini iliyokuja na uniti mara nyingi iko hivyo tayari. Na kama gari lako lilikuwa na safu ya namna hiyo tangu kiwandani, usiifute kwa kuweka bomba gumu.

Breketi ya kuzuia mzunguko

Mota inaposukuma shafti kulia, ganda lake linataka kuzunguka kushoto kwa nguvu ile ile. Kazi ya breketi kwa hiyo ni kuzuia mzunguko huo, na kubeba uzito ni nyongeza. Vishikio vya awali vya safu ya gari la zamani havikutengenezwa kwa mzigo huu. Vingi ni bati lililokunjwa.

Tumia chuma cha milimita 4 au 5. Shika uniti kwa mielekeo miwili, mmoja kwenye mhimili wa dashibodi na mwingine kwenye ukuta unaotenga injini, na nyuma ya ukuta weka bamba la kusambaza nguvu ili bati lisipasuke. Bolti za milimita 8 zenye alama ya 8.8 na nati zisizolegea zinatosha kwa magari mengi.

Funga kila kitu kwa kulegeza kwanza. Zungusha usukani mwisho hadi mwisho mara kadhaa ili shafti ijipange yenyewe, ndipo ukaze: krosi kwanza, kisha breketi. Kabla ya umeme wowote, magurudumu yakiwa hewani, usukani uzunguke laini bila sehemu inayokwama. Ukikwama, shafti imevutwa upande. Legeza upange upya. Usitegemee kwamba itazoea.

Umeme

Gari likienda moja kwa moja, uniti hula ampea chache tu. Ukigeuza magurudumu yaliyosimama, inaweza kuvuta 60 au zaidi kwa sekunde chache. Dainamo ya Lucas C40, iliyofungwa kwenye magari mengi ya Uingereza, hutoa 22, na injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta dainamo haitoi karibu chochote. Betri itabeba vilele hivyo mchana. Usiku, taa na waipa zikiwa zimewashwa, utaegesha mara chache kisha gari lishindwe kuwaka. Weka alteneta. Zipo zilizotengenezwa kwa umbo la dainamo kwa anayejali sura ya chumba cha injini.

Gari la volti 6 ligeuzwe kuwa 12 kwanza. Gari lenye ethi ya chanya, kama mengi ya Uingereza ya kabla ya katikati ya miaka ya 1960, ligeuzwe kuwa ethi ya hasi: geuza nyaya za koili na za kipima ampea, angalia redio na saa. Uniti ikiunganishwa kinyume itaungua mara moja.

Unene wa waya uhesabu, usikisie. Waya wa shaba wa milimita za mraba 16, mita tatu kwenda na tatu kurudi, ukibeba ampea 60 unapoteza takriban volti 0.4. Wa milimita za mraba 6 unapoteza volti moja nzima na kupata moto. Chukua wa 16. Fyuzi iwe ya kiwango ilichokuwa nacho uniti kwenye gari lake la awali, nayo ikae karibu kabisa na betri ili waya wote uliobaki uwe umelindwa. Mahali unapotoboa ukuta, valisha tundu mpira. Waya wa ethi uende moja kwa moja kwenye betri au kwenye fremu iliyokwanguliwa rangi. Breketi ya dashibodi si ethi.

Waya mwembamba wa kuamsha uniti uuchukue kwenye swichi ya ufunguo, kwenye fyuzi yake ndogo. Usiuchukue kwenye koili, maana magari mengi yana kizuizi cha umeme hapo na volti hazitimii. Kwenye waya huo weka swichi ndogo ya kuzima uniti pekee. Utaihitaji kwenye majaribio. Ukimaliza, zima gari na upime kwa multimita kama waya mnene unaendelea kuvuta umeme. Ikiwa uniti hailali, pitisha waya huo kwenye rilei inayostahimili mzigo wake.

Kuwasha mara ya kwanza

Magurudumu yawe hewani, kidhibiti kiwe chini kabisa, na mikono yote iwe nje ya usukani. Hili la mikono lisipuuzwe: uniti yenye sensa mbovu inaweza kuzungusha usukani ghafla na kuvunja kidole gumba. Washa. Usukani utulie. Ukijizungusha wenyewe, zima, kagua plagi na jinsi ulivyokaza shafti ya juu. Ukirudia, badilisha uniti. Usijaribu kubadilishana nyaya za mota.

Ukitulia, teremsha gari na umwombe mwenzako azungushe taratibu huku wewe umelala chini ya dashibodi na tochi. Tazama ganda la uniti na breketi. Kitu chochote kinachosogea, hata kwa unene wa kucha, kirudi kuimarishwa. Kisha nenda mbele utazame boksi la stelingi linavyokaa kwenye fremu. Boksi hilo lilitengenezwa kwa nguvu za mikono, na sasa linasukumwa kwa nguvu zaidi. Nyufa za fremu na bolti zilizolegea hujionyesha hapa. Tangu sasa, usishikilie usukani ukiwa umefika mwisho wa mzunguko, wala usigeuze kwa nguvu gurudumu likiwa limebanwa na ukingo wa barabara.

Kurekebisha kiasi cha msaada

Rudi na mizani. Mimi hulenga theluthi moja hadi nusu ya kipimo cha awali: kama ulisoma kilo 12, ishie kwenye 4 mpaka 6. Ukiteremka zaidi unaegesha kwa kidole, lakini barabarani usukani unakuwa bubu, na gari la zamani linaendeshwa kwa kuusikiliza usukani.

Uniti yenye msaada wa kiasi kimoja iweke kwa ajili ya barabara, si kwa ajili ya kuegesha. Endesha kwa kilomita 80 kwa saa kwenye barabara iliyonyooka. Ukijikuta unasahihisha mara kwa mara huku na huku, punguza. Ukitaka msaada mkubwa ukisimama na mdogo ukikimbia, ongeza kisanduku kinachosoma mwendo kutoka kwenye kebo ya spidi au kwa GPS. Kwa gari linalosafiri masafa marefu nyongeza hiyo ni muhimu.

Kisha jaribu urejeo. Toka kwenye kona kwa mwendo mdogo na ulegeze mikono: usukani urudi katikati. Gia ya uniti inaongeza msuguano, na magari yasiyo na msaada mara nyingi yalipewa kasta (mwinamo wa egemeo la gurudumu kuelekea nyuma) ndogo ili usukani uwe mwepesi. Vikikutana hivyo viwili, usukani unazubaa ulipoachwa. Dawa ni kuongeza kasta nyuzi moja, pengine mbili, kwa shimu au kwa urefu wa fimbo za mbele pale gari linaporuhusu. Uzito unaoongezeka utabebwa na mota. Ukishagusa kasta, alaimenti irudiwe.

Jaribio la mwisho lifanye uwanjani pasipo watu. Ukiwa kwenye kilomita 20 kwa saa, zima uniti kwa ile swichi ndogo, si kwa ufunguo, kwa kuwa ufunguo unaweza kufunga usukani. Geuza kulia, geuza kushoto. Kila atakayeendesha gari hilo afanye zoezi hili mara moja, ajue uzito utakaomkuta fyuzi ikikatika.

Kabla ya kuingia barabarani, mjulishe bima na wakaguzi wa magari kwamba usukani umebadilishwa, na uwe na picha za kila kiungo kabla hakijafunikwa. Piga mstari wa rangi kwenye kila bolti na nati yake, kisha ikague mistari hiyo baada ya kilomita 100 na tena baada ya 1,000. Safu ya awali ipake mafuta, ifunge kwenye turubai pamoja na bolti zake, na mchoro wa nyaya uubandike nyuma ya kifuniko cha fyuzi, mahali ambapo fundi ajaye ataukuta.